Maswali ya Wasomaji: Magnesiamu kwenye mashine ya injeksheni, inawezekana au la?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba kava za laptop nyingi zile nyepesi, na bodi za kamera za wapiga picha wa kazi, ni magnesiamu, na kwamba ipo mashine inayoipiga magnesiamu kwenye moldi kwa mtindo ule ule wa plastiki, skrubu inazunguka ndani ya bareli, yani bomba nene la chuma lenye hita. Meseji zilizoingia ni nyingi. Zinazofanana nimeziunganisha, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa mana ndo imebeba mzigo wote.

SWALI: Habari kaka. Mimi opereta wa mashine za injeksheni hapa Chang'ombe, Dar, tunatoa ndoo, mabeseni na vizibo. Sasa nikipata vipande vya magnesiamu nikavimwaga kwenye hopa, hita nikazipandisha mpaka mwisho, itatoka? Bosi anataka nijaribu kwenye mashine moja ya zamani ambayo imekaa tu haina kazi. – Opereta, Chang'ombe

JIBU: Usijaribu kaka. Hata kama mashine ni ya kutupwa usijaribu, na barua hii muonyeshe bosi.

Tuanze na joto. Polipropilini yako unaipiga kwenye nyuzi 200 mpaka 250 za sentigredi, na hita za mashine ya kawaida ya plastiki zikijitahidi sana zitafika 350 au 400 basi. Aloi ya magnesiamu, yani magnesiamu iliyochanganywa na metali nyingine, inayotumika zaidi kwenye kazi hii inaitwa AZ91D, ina aluminiamu kama asilimia 9 na zinki kama asilimia 1, inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 470 na inakuwa maji kabisa ikikaribia 600. Kwa hiyo kwanza hufiki huko, na ukilazimisha ukafika, ile bareli yako ni chuma kilichokomazwa uso tu, kwenye nyuzi 600 kinalegea, na bado nyuma yake kuna skrubu inasukuma kwa presha kubwa. Mashine za magnesiamu bareli zake zinatengenezwa kwa aloi ya nikeli, jamii ile ile ya aloi zinazotumika ndani ya injini za ndege, afu kwa ndani inavalishwa aloi ya kobalti ili nikeli isiliwe na magnesiamu. Ndo mana hata bareli peke yake ni mali.

La pili hewa. Magnesiamu ikiwa ya moto inaitaka oksijeni kwa nguvu zote, na hopa yako iko wazi juu. Kwenye mashine yenyewe vile vipande, vya milimita mbili mpaka tano hivi, vinashuka kwenye bareli ndani ya gesi ya argoni, gesi isiyoungana na kitu. Inapulizwa kidogo kidogo muda wote mashine inapofanya kazi ili hewa ya kawaida isipate pa kuingilia.

Sasa tuje kwenye siri yenyewe, na hapa ndo naomba usome taratibu mana ni sehemu inayonipendeza kuliko zote. Mwaka 1971 pale chuo cha MIT, Marekani, mwanafunzi mmoja anaitwa David Spencer, chini ya profesa Merton Flemings, alikuwa anachunguza kwa nini vyuma vya kumwaga vinapasuka vikiwa vinapoa. Akachukua aloi ya bati na risasi akawa anaikoroga huku inapoa na anapima inavyokataa kukorogwa. Alitegemea ikianza kuganda itakuwa ngumu mara moja. Haikuwa hivyo. Ikikorogwa mfululizo ilibaki laini hata sehemu kubwa ikiwa imeshaganda! Sababu ni kwamba chuma kikiachwa kitulie kinaganda kwa vichipukizi vyenye matawi matawi, matawi yanashikana na mwendo unaishia hapo, lakini ukikikoroga matawi yanakatika, punje zinakuwa za mviringo, zinateleza zenyewe kwa zenyewe ndani ya maji yaliyobaki. Ni uji tu, ukiukoroga unamiminika, ukiuacha unakaza.

Kampuni ya Dow kule Michigan, ambayo enzi hizo ilikuwa mzalishaji mkubwa wa magnesiamu, ndo ikachukua wazo hilo ikaliweka ndani ya mashine ya skrubu miaka ya 80. Baadae ikaundwa kampuni ya Thixomat pale Ann Arbor ya kugawa leseni za teknolojia hiyo, wanaiita thiksomoldingi, na Japan Steel Works ya Japani wakachukua leseni mwanzoni mwa miaka ya 90 wakaanza kuunda mashine na kuziuza. Wajapani ndo walioichangamkia, mana wakati ule ndo viwanda vyao vya vifaa vya umeme vidogo vidogo viko kwenye moto na kila mtu anataka kitu chembamba chepesi.

Kwa hiyo skrubu unayoijua wewe kazi yake ni kuyeyusha na kuchanganya, ila skrubu ya magnesiamu ina kazi ya ziada, inakata yale matawi. Vipande vinaingia vikiwa vya baridi, hita za nje zinavipasha hatua kwa hatua, na kufika mbele ni rojo yenye yabisi kidogo, yani punje zilizoganda, ndani yake, mafundi wanaipanga kwa kucheza na joto, kitu chembamba wanapunguza yabisi, kitu kinene wanaongeza.

Afu inakuja spidi. Plastiki unaweza kuisukuma taratibu ikajaa kwa sekunde moja au mbili na kitu kikatoka kizuri. Magnesiamu haikusubiri, ina joto dogo la kubeba kwa ujazo wake, ikigusa ukuta wa moldi tu inaganda, kwa hiyo skrubu inapigwa mbele kwa kasi ya mita kadhaa kwa sekunde na moldi inajaa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Mashine yako haina akyumuleta, yale matangi ya kuhifadhi presha, za kutoa msukumo wa namna hiyo. Na moldi yenyewe haipozwi kwa maji kama mlivyozoea, inapashwa kwa mafuta ya moto ikae nyuzi 200 na kitu. Sasa fikiria moldi ya plastiki yenye njia za maji, imepata ufa mdogo, magnesiamu ya nyuzi 600 ikakutana na yale maji. Kaka, hapo hamna kiwanda tena.

Kuna kitu kimoja naomba ukione kwa macho ya fundi mana utakipenda. Mdomoni mwa nozeli hamna vali. Kila baada ya shoti, yani pigo moja la kujaza moldi, magnesiamu iliyobaki pale kwenye ncha inaachwa igande kidogo, inakuwa kizibo, ndo kinachozuia rojo isivuje na hewa isiingie wakati moldi iko wazi. Shoti inayofuata presha ikija inakifyatua kile kizibo kizima kizima, kinaruka na kuingia kwenye shimo maalum lililochongwa ndani ya moldi mbele ya nozeli, kinanaswa pale, na rojo inapita pembeni yake kwenda kwenye ranna, njia ya kuipeleka kwenye umbo la kitu. Ncha ya nozeli ikiwa ya moto kupita kiasi kizibo hakigandi na inachuruzika, ikiwa ya baridi kupita kiasi kinakataa kutoka. Opereta mzuri wa mashine hizi utamjulia hapo.

Wasomaji wengine wawili wameuliza kwa nini isiwe aluminiamu. Kwa sababu aluminiamu iliyoyeyuka inakula chuma. Skrubu na bareli vingeisha haraka sana. Magnesiamu karibu haiyeyushi chuma kabisa, na hiyo hiyo ndo inafanya moldi zake zidumu kuliko moldi za kumwagia aluminiamu.

SWALI: Kama kazi yote hiyo, si bora plastiki tu? – Msomaji, Eldoret

JIBU: Kwa ndoo ndio, plastiki. Kwa kava la laptop lenye ukuta wa milimita moja au chini ya hapo, magnesiamu ni ngumu kupinda kama mara 20 kuliko plastiki ya ABS, inatoa joto nje, na inazuia mawimbi ya umeme yasiingiliane. Uzito wake ni gramu 1.8 hivi kwa sentimita ya ujazo, aluminiamu 2.7, chuma cha pua na ndugu zake karibu 8.

SWALI: Jambo baba. Mimi ni mama wa Uvira, niko hapa Grand Rapids, Michigan, na bwana yangu na watoto. Nimepata kazi ku kiwanda ya kutengeneza vipande vya gari vya magnesiamu. Siku ya kwanza walitufundisha kwamba tusifagie unga na ufagio yoyote, na hata moto ikiwaka tusimwage maji. Nilirudi nyumbani na woga. Hii kazi ni ya hatari namna gani? Niiache? – Mama wa Uvira

JIBU: Mama, shikamoo na pole na woga. Nakujibu kwa kirefu kidogo mana woga wako una sababu, ila usiache kazi kabla hujaelewa hatari iko wapi hasa.

Kipande kizima cha magnesiamu, tuseme bracketi ya dashibodi, huwezi kukiwasha kwa kiberiti. Ni chuma, kinasambaza joto haraka, na ili kiwake mpaka kikaribie kuyeyuka. Hatari iko kwenye vitu vidogo, yani unga wa kusaga, nyuzi nyembamba za mashine ya kukeleza, vumbi lililolala juu ya taa na nyaya. Hivyo cheche moja inatosha, na vumbi likiwa limetimka hewani linaweza kulipuka. Kwa hiyo kazi yako ikiwa ni kutoa vipande kwenye mashine, kukata ranna na kupanga kwenye kreti, hatari ni ndogo ukifuata walichokufundisha. Ikiwa ni kusaga na kupolishi, hapo uliza maswali mengi sana kabla hujashika kitu.

Habari ya maji walikwambia ukweli mtupu. Magnesiamu inayowaka inayapasua maji, inachukua oksijeni yake na kuiacha haidrojeni, na haidrojeni nayo inawaka, kwa hiyo ukimwaga ndoo moja umeongeza moto. Mtungi wa kaboni dayoksaidi nao hausaidii kwa sababu magnesiamu inaungua hata ndani ya gesi hiyo. Kinachotakiwa ni mtungi wa Daraja D, ule wa unga maalum wa vyuma, au mchanga mkavu. Nasisitiza mkavu, mchanga wenye unyevu ni maji yale yale. Kesho ukiingia kazini angalia mitungi ya D iko wapi, sogea mpaka uishike, na uangalie ndoo ya mchanga ina kifuniko. Kama mchanga uko wazi mwambie msimamizi, ni haki yako kabisa.

Na unga ukilowa usiufungie kwenye pipa lenye mfuniko wa kubana. Unatoa haidrojeni taratibu bila moto wowote, na pipa linajaa gesi bila mtu kujua. Vaa nguo za pamba zisizokunjwa mikono wala pindo za suruali, mana vumbi linajificha kwenye mikunjo, na usiende nyumbani nazo ukawabeba watoto.

Kuna ajali moja kubwa ya historia, mashindano ya magari ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1955. Gari la Mercedes liliruka kwenye umati, watu zaidi ya 80 walikufa, wengi kwa vipande vilivyoruka. Bodi ya gari lile ilikuwa ya aloi ya magnesiamu, na lilipowaka wazima moto walilimwagia maji, moto ukazidi na uliendelea kwa masaa. Sikuelezi hili kukutisha mama. Nakueleza ujue kwamba sheria ile ya maji haikutungwa ofisini.

Kitu cha kukupa moyo kama kiwanda chenu ni cha thiksomoldingi: magnesiamu ya moto yote imefungwa ndani ya bareli, kilo chache tu kwa wakati mmoja. Kwenye viwanda vya kumwaga vya kawaida kuna sufuria kubwa la magnesiamu iliyoyeyuka liko wazi na linafunikwa kwa gesi ili lisiwake. Gesi iliyotumika kwa miaka mingi, SF6, inapasha dunia joto zaidi ya mara 23,000 ya kaboni dayoksaidi, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kabisa kwenye kumwaga magnesiamu kuanzia 2018. Mashine ya skrubu haiihitaji, argoni inatosha.

SWALI: Mkuu, natengeneza chensoo hapa Mafinga, wapasua mbao ndo wateja wangu. Krenkikesi, yani makasha ya krenki ya injini, zinapasuka pale kwenye bolti, mafundi wengine wanachomelea zinapasuka tena, mmoja moto ulimwakia. Nasikia ni hiyo magnesiamu yako. Nitajuaje na nifanyeje? – Fundi chensoo, Mafinga

JIBU: Ndio fundi, krenkikesi nyingi za chensoo za kazi ni magnesiamu, mana mtu anabeba ile mashine kutwa nzima porini na kila gramu anaisikia mgongoni. Ila hizo nyingi hazikupigwa kwa skrubu, zimemwagwa kwa presha ikiwa maji kabisa. STIHL wana kiwanda chao wenyewe cha magnesiamu kule Weinsheim, Ujerumani, kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Kuitambua: kwangua rangi sehemu ndogo isiyoonekana mpaka ung'ao utokee, dondoshea siki nyeupe. Ikitoa povu la vipovu vidogo papo hapo ni magnesiamu, aluminiamu itatulia tu. Wakati mwingine imeandikwa kabisa kwa ndani, utaona AZ91 au MgAl9Zn1.

Kuchomelea inawezekana lakini sio kwa jiko wala kwa karbaidi. Ni argoni, mashine ya tigi (ya kuchomelea kwa umeme ndani ya gesi) kwenye AC, na fimbo ya magnesiamu, AZ92 ndo inakubaliana na kazi za kumwaga, fimbo ya aluminiamu itakupa kiungo kinachovunjika kama biskuti na ndo hicho wateja wako wanachokirudisha. Krenkikesi ina mafuta yamezama kwenye vitundu vidogo vya ndani, mafuta yakipata joto yanatoka na kuharibu kila kitu, kwa hiyo safisha kwa solventi, iache ikauke kabisa, ndo uipashe kidogo kabla hujaanza. Kama ufa umepita kwenye beringi ya krenki, kwa maoni yangu nunua nyingine, mana usahihi wa pale hutaurudisha kwa mkono.

Na yule mwenzako aliyewakiwa moto, nina hakika alisaga kwa grainda alafu ule unga ukabaki mezani akawasha tigi hapo hapo. Tumia faili au kisu, kusanya unga uutoe nje, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Grainda ile ile iliyosaga chuma usiitumie, inatoa cheche.

Bolti za chuma zinakula tundu za magnesiamu, hasa unyevu ukiingia. Magnesiamu na chuma vikigusana na maji katikati vinafanya betri, na anayeliwa ni magnesiamu. Weka washa ya aluminiamu na grisi, kaza kwa kipimo.

SWALI: Shikamoo. Nasoma uhandisi, niko Mombasa. Laptop ya kaka imebabuka rangi pembeni na panatoka unga mweupe. Ni fangasi? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mwanangu. Sio fangasi, ni kutu ya magnesiamu, na hewa ya chumvi ya hapo Mombasa inaiharakisha. Herufi D mwishoni mwa AZ91D ni toleo lenye usafi mkubwa: chuma, nikeli na shaba vimebanwa viwe kidogo mno, nikeli kwa mfano haizidi asilimia 0.002, mana hata punje ya vitu hivyo inaanzisha ile betri niliyomweleza fundi wa Mafinga. Bado lakini inategemea rangi yake. Kwangua unga, futa kwa spiriti, paka praima inayofaa magnesiamu kisha rangi. Mchanga wa ufukweni na jasho vikae mbali.

SWALI: Tukianzisha kiwanda hiki hapa nyumbani? Mawe ya magnesiamu si tunayo? – Wasomaji kadhaa, Dar, Arusha na Nairobi

JIBU: Mawe tunayo, Chambogo kule Same magnesaiti inajulikana tangu zamani, na dolomaiti ipo. Ila jiwe na chuma vina safari ndefu katikati yake. Njia inayotumika zaidi duniani ni ya Pidgeon, Mkanada aliyeianzisha miaka ya 40: unachoma dolomaiti, unaichanganya na ferosilikoni (aloi ya chuma na silikoni), unaifungia kwenye mirija ya chuma isiyo na hewa kwenye nyuzi kama 1,200 kwa masaa mengi, magnesiamu inapanda kama mvuke na kuganda upande wa baridi. Tani moja ya magnesiamu inakula tani 10 hivi za dolomaiti na moto usio na mwisho. Dow wao waliitoa kwenye maji ya bahari kule Freeport, Texas, kuanzia 1941, lita moja ya maji ina gramu 1.3 tu, na mwaka 1998 wakaacha.

Leo China inatoa zaidi ya asilimia 80 ya magnesiamu yote. Septemba 2021 serikali ya kule ilipobana umeme viwanda vya Yulin, mkoa wa Shaanxi, vikapunguza kazi na Ulaya nzima ikaanza kuhesabu siku za stoku iliyobaki. Kwa hiyo anayefikiria kiwanda afikirie kwanza vipande vyake atavinunua kwa nani na akikatiwa atafanyaje. Afu ajue kwamba ranna na spruu, yani mabaki yanayoganda kwenye njia za moldi, zinaweza kuwa karibu nusu ya uzito wa kila shoti, na huwezi kuzisaga ukazirudisha kwenye hopa siku hiyo hiyo kama plastiki, zinarudishwa kuyeyushwa na kusafishwa, na kiwanda cha kufanya hivyo hapa jirani hatuna.

Mimi nisingeanza na mashine. Ningeanza na chumba cha moldi. Moldi za kazi hii ni chuma cha H13, kinachovumilia kupashwa na kupoa maelfu ya mara, na chuma hicho hicho ndo kinachotumika kumwagia aluminiamu, ambayo skrepa yake tunayo tele, sufuria na vifuniko vya injini vinasafirishwa kila wiki. Kijana anayejua kuchonga H13 kwa CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta, kuichoma ikomae na kuipolishi, ana kazi leo kwa aluminiamu na kwa plastiki, na siku mwekezaji akija na mashine ya magnesiamu atamkuta tayari. Pale Chang'ombe kuna mafundi wanachonga moldi za plastiki nzuri tu, nyingi bado kwa chuma laini. Opereta wangu wa swali la kwanza, hebu zungumza na bosi wako kuhusu hilo badala ya ile mashine ya zamani, na ukishajua kipande cha H13 kinapatikana kwa bei gani hapo mjini niandikie, mana kuna wasomaji wa Nairobi wameniuliza hilo hilo.